Majivu Yasiyolia

Mjukuu wangu Zena yuko kidato cha tatu, na juzi alikuja kunilalamikia habari za potasiamu. Kitabu chake kinasema uzito wa atomu ya potasiamu ni thelathini na tisa nukta moja. "Babu, hiyo nukta moja inatoka wapi? Mwalimu amesema tukariri tu." Nikamwambia akae chini. Na nyinyi wengine wekeni simu pembeni, mkae pia. Ndani ya hiyo nukta moja wamejificha ndugu, na mmoja wao nimewahi kumsikia kwa masikio yangu. Kuna siku nusura mlio wake umponze bikizee mmoja asiye na kosa.

Mimi ni Rajabu, mtoto wa fundi cherehani wa Tarime mjini. Wadogo zangu walirithi cherehani, mimi nikaenda kufuata mawe. Miaka ile ya ujamaa serikali ilikuwa inatafuta madini kila kilima, na mimi nikaajiriwa kuwa fundi wa vipimo. Kazi yangu ilikuwa kuibeba mashine ya Gaiga, kuitunza, na kuisikiliza. Ni sanduku la chuma lenye mkanda wa begani, mrija uliounganishwa kwa waya, na visikilizio viwili vya masikioni. Ndani ya mrija kuna gesi. Atomu ikijibadilisha mahali karibu, kichembe kinachoruka kutoka kwake kikipenya mrijani, umeme unashtuka na wewe unasikia tik. Tuliiita Nyenje, maana ukiiweka juu ya mwamba wenye urani inalia bila kupumua.

Somo la kwanza kwenye kazi hii linawashinda wengi, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Nyenje hainyamazi kabisa. Iweke juu ya kitanda chako, tik. Iweke jikoni, msikitini, katikati ya uwanja wa mpira, tik, tena tik-tik, halafu kimya kidogo, halafu tik. Sisi tuliuita mlio wa bure. Unatoka ardhini, kwenye kuta, na mwingine unashuka kutoka juu angani mbali kabisa. Siku niliyoambiwa hivyo nilivua visikilizio nikavitazama. Mpaka siku ile nilidhani hewa ni tupu, na kwa muda mrefu baadaye sikupenda kukaa chumbani peke yangu.

Basi kila asubuhi, kabla ya kwenda popote, unapima mlio wa bure pale ulipolala. Usipoujua huo, hujui kitu. Na ujikague mwenyewe pia. Msinicheke, lakini niliwahi kuzunguka mlima mzima kule Nyambureti nikishangilia kwamba nimepata urani ya kuitajirisha nchi. Kila jiwe nililolisogelea lililia. Nilipiga alama za chokaa mpaka chokaa ikaisha. Mtaalamu wetu akaja akihema, akatazama alama, akanitazama mimi, akasema, "Rajabu, hebu vua saa." Saa yangu ilikuwa ya mishale inayong'aa gizani, na rangi ile ya kung'aa ilikuwa na rediamu, madini yanayolia kuliko hata urani. Nikaivua, nikaiweka mbali. Mlima wote ukanyamaza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mtaalamu huyo aliitwa Bwana Lyimo. Alikuwa kijana wa Kichaga aliyetoka chuo kikuu, mwembamba, mpole, mwoga wa ng'ombe kuliko mtu yeyote niliyemwona. Katikati ya Wakurya, fikiria! Ng'ombe akikohoa yeye amepanda gari. Lakini kwa kufundisha, Mungu alimpa. Siku ile ya saa hakunigombeza. Alinikalisha kivulini mwa gari, akaweka viberiti vitatu juu ya sanduku la Nyenje.

"Tazama picha juu ya kiberiti," akasema. "Hii ndiyo inayokwambia ni kiberiti cha aina gani. Kwa atomu, picha hiyo ni protoni. Potasiamu ina protoni kumi na tisa. Ikipungua moja au ikizidi moja, si potasiamu tena, ni kitu kingine kabisa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Sasa ndani ya kiini mna nyutroni vilevile, na hizo hazionekani kwenye picha. Kiberiti hiki kina nyutroni ishirini, hiki ishirini na moja, hiki ishirini na mbili. Jumlisha na protoni."

Nikajumlisha kwa vidole. Thelathini na tisa, arobaini, arobaini na moja.

"Hao ni ndugu watatu wa sura moja," akasema. "Watie kwenye maji, kwenye moto, kwenye chakula, wanafanya mambo yaleyale. Tofauti yao ni uzito tu. Ndugu wa namna hiyo tunawaita isotopu."

"Na huo uzito wa kitabuni?"

"Huo ni wastani. Wengi mno ni wale wa thelathini na tisa. Wa arobaini na moja ni wachache, ndio wanaovuta hesabu juu kidogo. Wa arobaini ni nadra sana, kama mmoja hivi kwenye elfu kumi. Wachanganye wote, utapata thelathini na tisa nukta moja. Lakini zunguka dunia nzima utafute atomu moja ya potasiamu yenye uzito huo. Hutaipata. Haipo." Akanipa mfano. Nyumba moja ina watoto wanne, ya pili ina watano. Wastani ni watoto wanne na nusu. Akacheka, akaendelea na habari nyingine. Mimi nilibaki nikimfikiria yule nusu mtoto, yuko nyumba ipi, na anakula upande gani wa sinia.

Nikamwuliza kwa nini wa arobaini amemtaja kwa sauti ya chini.

"Kwa sababu huyo hatulii. Wenzake wawili watakaa hivyo milele. Yeye anaweza kukaa miaka milioni elfu na zaidi bila kufanya kitu, halafu bila kuguswa na mtu, bila moto, bila sababu unayoweza kuitaja, anabadilika. Mara nyingi anageuka kalisiamu, hiyohiyo iliyomo kwenye mifupa yako. Anapogeuka ndipo Nyenje inasema tik."

"Sasa huyo anakaa wapi?"

"Kwenye ndizi. Kwenye maharage. Kwenye majivu. Ndani yako, Rajabu. Sasa hivi tunavyoongea, wanageuka humo."

Nikajishika kifua. Lyimo akacheka sana. Mimi sikucheka.

Zena, nukta moja yako ndiyo hiyo. Kama ungetaka mtihani tu, ungeweza kuondoka sasa. Lakini kaa.

Kulikuwa na kijiji kimoja upande wa Gorong'a. Jina lake naliacha, maana watoto wa watu wale bado wapo. Kilikuwa cha mistari, nyumba zimepangwa wima na ulalo, watu wamehamishwa kutoka vilimani na kuwekwa pamoja bila kuchaguana. Mtu aliyezaliwa akitazamana na ng'ombe wake na mawe yake sasa alikuwa anasikia jirani akikohoa. Hapo vita na nchi jirani vilikuwa vimeisha na duka la kijiji lilikuwa rafu tupu. Hakuna sabuni, hakuna mafuta ya taa, hakuna chumvi. Mwenye duka alikuwa anafungua asubuhi kwa heshima tu.

Chumvi ilitoka kwa Bibi Wankuru. Huyu alikuwa mjane wa umri wa bibi yangu, peke yake, mtu wa ukoo mwingine aliyeangukia mstari ule kwa sababu ndivyo mistari ilivyopimwa. Alikata matete bondeni, akayachoma, akatia majivu kwenye chungu chenye matundu chini, akamimina maji polepole. Maji yaliyodondoka yalikuwa ya rangi ya chai. Aliyachemsha mpaka yakauke, ikabaki chumvi ya kijivu inayouma ulimi. Yale majivu yaliyokwisha kuoshwa aliyamwaga nyuma ya nyumba, na lundo lake lilikuwa jeupe, limegandamana kama udongo wa kichuguu. Kijiji kizima kilikula chumvi yake, na kijiji kizima kilimsema. Kwa nini anaishi peke yake? Kwa nini anachoma vitu kila siku? Mambo ya watu.

Jirani yake wa ukuta alikuwa Mwita, mwanamume wa umri wangu hivi, mfupi, mwenye mikono mikubwa. Mvua zilipokwisha ndipo alipomzika mwanawe wa pekee, Chacha, mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza shule. Homa ilimchukua ghafla. Mtoto huyo alikuwa na mazoea ya kuingia kwa Bibi Wankuru na kupewa ndizi ya kuchoma. Tangu mazishi Mwita alikuwa haongei na mtu, na mkewe Robi ndiyo kabisa, alikuwa anakaa mlangoni kutwa bila kufumbua mdomo.

Sisi tulipewa ghala la kijiji, na ghala hilo lilipakana na nyumba ya Bibi Wankuru. Asubuhi ya kwanza nikavaa visikilizio nipime mlio wa bure. Nikashtuka. Mlio haukuwa wa bure. Nikavua saa, ingawa siku hizo nilishaacha kuvaa ile ya kung'aa. Nikasogea mlangoni, mlio ukapungua. Nikarudi ukutani, ukazidi. Nikatoka nje nikiufuata mrija mpaka mbele ya mlango wa bibi, palipopangwa vyungu vya chumvi mpya, na pale Nyenje ikalia kwa haraka ambayo sikuitegemea kwenye nyumba ya udongo. Nilipoinua kichwa Mwita alikuwa amesimama na panga, anaelekea shambani.

"Mura, hicho kinatafuta nini?" Mura kwao ni kijana.

"Mawe, ndugu yangu."

"Mawe yamo ndani kwa huyu?"

Akanyoosha mkono, "Lete nisikie." Nilikuwa nimewasikilizisha watu wengi, wote hucheka. Mwita hakucheka. Alisogea kwenye vyungu, akarudi nyuma, akasogea tena. Uso wake ulibadilika polepole, nami nikaona nimekosa njia ya kumwondoa pale.

"Kinatafuna," akasema. "Kuna kitu kinatafuna humo ndani."

Jua lilipofika utosini watu walikuwa wamekusanyika kwenye ritongo, ule mkutano wa wazee na wanaume unaokata mashauri ya Wakurya tangu zamani. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo na kofia yake ya chama, lakini siku ile kofia haikuwa na nguvu. Mwita alisema kwa ufupi. Mashine ya serikali haina ukoo, haina chuki na mtu. Imepita nyumba zote na imelia kwa omorogi, mchawi aliyemmaliza mwanawe. Walitaka nyumba ichomwe na yeye aondoke kabla ya jua kuzama. Na kila aliyekuwa pale alijua kwamba bibi wa umri ule, akiondoka mikono mitupu na vijana wenye marungu nyuma yake, hafiki kokote.

Wakamwuliza ana neno gani. Bibi Wankuru alikuwa amekaa juu ya jiwe, mikono mapajani.

"Kama ni chumvi inayolia, si mmeila nyote?" akasema.

Lo! Alidhani amejitetea. Mwanamke mmoja akapiga ukelele, "Mmesikia? Ametulisha!" Watu wakaanza kujishika matumbo, wengine wakatema mate. Nikaona vijana wawili wanaondoka kwenda kutafuta moto.

Lyimo akasimama. Alianza na protoni, masikini. Watu wana mapanga mkononi, yeye anawaambia habari za nyutroni, na kwamba kinacholia kimo ndani ya kila mtu! Mwenyekiti akamkatiza, "Bwana Mtaalamu, sema kwa neno moja, ni mchawi au si mchawi?" Lyimo akasema jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwalo.

"Kinacholia kwake kiko kwenye kila jiko. Kila nyumba ilete majivu yake hapa. Kama mashine italia kwa Bibi Wankuru peke yake, fanyeni mnavyotaka. Kama italia kwa wote, ama wote ni wachawi au hakuna mchawi."

Wazee wakanong'onezana kisha wakakubali. Watu wakaenda makwao, wakarudi na mabakuli, makopo, vibuyu vilivyokatwa, vimejaa majivu. Walijipanga mstari, kimya, hata watoto walikuwa kimya. Kwanza nikapima kopo tupu ili wote wasikie mlio wa bure. Nilivigeuza visikilizio na kuvilaza kwenye bakuli la bati ili sauti ijae, mbinu ya porini hiyo, hamtaikuta kitabuni. Tik. Kimya. Tik-tik. Kimya. Kisha bakuli la mwenyekiti. Nikausogeza mrija karibu kabisa na majivu bila kugusa, na mlio ukaongeza mwendo. Haukupiga kelele kama kwa bibi, lakini hata kipofu angejua tofauti.

Mwenyekiti akavua kofia. "Mimi?"

"Wewe," nikamwambia. "Na bado."

Wa pili ikalia. Wa tatu ikalia. Yule mwanamke wa ukelele ikalia kuliko waliomtangulia, maana alikuwa akipikia mabua na maganda ya ndizi, na jirani yake akamwambia, "Aa, kumbe wewe ndiye mkubwa wao!" Watu wakacheka. Kicheko cha kwanza siku ile. Nikaona Bibi Wankuru ameinua uso. Nikajua tumemwokoa, na nikaanza kupuuzia kazi, napima huku nazungumza.

Wa mwisho alikuwa Mwita. Aliweka kopo lake mbele yangu bila kunitazama. Nikausogeza mrija.

Tik. Kimya. Tik. Kimya kirefu.

Nikausogeza zaidi. Hakuna. Nikatikisa waya. Nikabadilisha betri. Nikarudi kwenye bakuli la mwenyekiti, ikalia. Nikarudi kwa Mwita, mlio wa bure, ule wa kopo tupu. Majivu yamejaa mpaka juu, mashine inasema hamna kitu. Sikuwahi kuona jambo hilo na sikulielewa. Kicheko kikakatika. Mtu mmoja nyuma akasema kwa Kikurya, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba majivu ya nyumba za watu hai yamelia yote.

Mwanamume aliyekuwa kulia kwa Mwita akasogea hatua moja pembeni. Wa kushoto naye akasogea. Hakuna aliyeamuru, lakini uwanja ukafunguka kumzunguka, akabaki peke yake na kopo lake. Wale vijana walikuwa wamesharudi na vijinga vya moto, na sasa walikuwa wanamtazama yeye. Lyimo akaniinamia, "Rajabu, nimefanya nini?" Mimi nilikuwa na hasira, tena hasira ya kulia. Nilitaka kuipiga Nyenje chini. Asubuhi mashine iliyolia ilitaka kumwua mtu, mchana mashine isiyolia inataka kumwua mwingine, na watu walewale, macho yaleyale!

Bibi Wankuru akainuka. Alitembea polepole, akaingia kwenye ule uwanja uliokuwa wazi, akachovya kidole kwenye kopo la Mwita, akakiweka ulimini. Akatafuna mate. Kisha akachukua tonge la majivu yale na kulivunja, nami nikaona jinsi yalivyokuwa meupe, yamegandamana. Hapo ndipo akili ilinirudia. Yalikuwa majivu yaliyooshwa. Potasiamu yote ilishaondoka na maji, ikaenda kwenye chumvi. Yalitoka kwenye lile lundo la nyuma ya nyumba yake. Mwita alikuwa amekwenda kuyazoa kwa siri kwa mwanamke ambaye yeye mwenyewe alitaka achomewe nyumba.

Bibi alimtazama usoni. Mwita alikuwa anajua kwamba bibi amejua. Angesema neno moja tu, mwizi, mwongo, na jambo lingemalizwa na wengine. Nilimwona Mwita akifunga macho.

"Haya nimeyaosha mimi," bibi akauambia mkutano. "Hayana chumvi, ndiyo maana hayalii. Moto wa Mwita umezimika. Alikuja kuniomba majivu, nikampa haya."

"Alikuomba wewe?" mwenyekiti akauliza.

"Ni jirani yangu. Angemwomba nani?"

Ulikuwa uwongo, na kila mtu pale alitaka sana uwe kweli. Bibi hakungoja wamalize kuutafakari. Alimnyang'anya kijana mmoja kijinga cha moto, kilekile kilichokuja kuchomea paa lake, akatangulia nacho kwenda nyumbani kwa Mwita. Mwita akamfuata kichwa kimeinama. Tuliobaki tulisimama pale tukitazama paa lile mpaka moshi ulipotoka. Hapo ndipo wengi walipotambua kwamba hawakuwa wameuona moshi wa nyumba ile tangu mtoto azikwe. Mwita alikuwa akila kwa kaka yake, na hakuna aliyeuliza.

Bibi Wankuru hakuhamishwa. Nilipita kijijini pale miaka ya baadaye, nikamkuta bado anaosha majivu, akaniuliza kama mnyama wangu wa sandukuni bado anakula. Alikufa kwa uzee, nyumbani kwake. Lakini sijamaliza.

Asubuhi tuliyokuwa tunafunga mizigo, Lyimo ameshakwenda garini, Mwita alikuja ghalani.

"Mtaalamu alisema kile kitu kimo ndani ya kila mtu," akasema.

"Kimo."

"Hata mtoto?"

"Hata mtoto."

"Na akishafukiwa?"

Nikamwambia kwamba potasiamu haina habari na kufa. Ile ya arobaini itaendelea kugeuka hivyohivyo, mojamoja, mpaka vilima hivi vyenyewe viishe.

"Twende nikamsikilize," akasema.

Nikamweleza ukweli. Nilimwambia udongo ni mwingi, mtoto ni mdogo, mashine yangu ni dhaifu, hatasikia chochote isipokuwa mlio wa bure. Nilirudia mara ya pili ili asije akanilaumu. Akasema amenielewa, twende.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, kati ya migomba michanga. Robi alikuwa amekaa mlangoni, na ndani kwake sufuria ilikuwa motoni. Tukagawana visikilizio, kimoja kwake, kimoja kwangu, vichwa vyetu vikawa karibu. Nikapima kwanza uani. Tik. Kimya. Tik-tik. "Huo ndio wa bure," nikamwambia, "ndio utakaousikia na pale." Tukasogea. Nikachuchumaa, nikashusha mrija juu ya kile kilima kidogo cha udongo.

Mlio ukaongeza mwendo.

Nikauondoa mrija, ukapungua. Nikaurudisha, ukazidi tena. Nikausogeza pembeni ya migomba, kimya, tik, kimya. Nikaurudisha kaburini, ukaja mbio. Wallahi mwili ulinisisimka, nywele za mikono zikasimama jua likiwa linawaka. Elimu yote ya Lyimo ilinitoka, viberiti, ndugu watatu, wastani, vyote. Mwita alikuwa ananitazama kwa karibu kabisa.

"Ulisema hasikiki," akasema.

Nilianza kuukagua waya wa mrija.

"Ni majivu."

Alikuwa Robi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia sauti yake. Alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono ameifunika kwa khanga.

"Siku tuliyomzika niliyazoa yote jikoni," akasema, "nikammwagia yeye hapo juu, nikachanganya na udongo. Alikuwa anapenda kulala karibu na moto."

Mwita alikuwa hajui. Niliona wazi kwamba alikuwa hajui. Alipiga magoti, akakichukua na kile kisikilizio changu, akavaa vyote viwili, akakaa akisikiliza huku mkono wake mmoja umelala juu ya udongo. Robi akaja akapiga magoti upande wa pili. Mimi nilishikilia mrija mpaka mkono ukafa ganzi.

Mwishowe akavua visikilizio na kunirudishia.

"Zima sasa, mura," akasema. "Mtoto alale."

Nikazima.